MIKONO YETU JUU YA MGONGO WA MAMA

  

Walimu wetu walipotutaka tuandike katika gazeti la mwaka huu, tulifikiri kwanza kuandika juu ya kuwatendea wema wazazi, mada isiyokosekana katika kurasa hizi. Tukaona wengi wameiandika vizuri kuliko tutakavyoweza sisi. Basi tukaamua kuandika jambo dogo tunalolijua kwa mikono yetu, nalo ni kumkanda na kumchua mzazi mwenye maumivu ya mgongo yasiyokwisha. Sisi ni mabinti wawili wa tumbo moja, tuliosoma katika madrasa hii tangu Alifu hadi tulipohitimu. Mengi tutakayoeleza tumeyafanya wenyewe, na baadhi yake tuliyafanya vibaya.

Aliyekulia Bariadi haelezwi kazi ya pamba. Tangu tulipokuwa chini ya mkoa wa Shinyanga, na hata baada ya mkoa wetu wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, pamba ndiyo imenunua sare zetu na kulipa ada zetu. Mgeni akipita barabarani huona marobota juu ya malori akasema watu hawa wana mali. Mgongo hauoni. Pamba hupandwa kwa kuinama, hupaliliwa kwa kuinama, na ikifika Juni, Julai na Agosti huchumwa kwa mkono, mche kwa mche, mfuko umefungwa kiunoni. Na mche wenyewe ni wa ajabu: ni mfupi kwa anayesimama na ni mrefu kwa anayechuchumaa. Kwa hiyo mchumaji hukaa katikati, si rukuu si kusimama, tangu jua linachomoza hadi Adhuhuri. Akitoka hapo kuna ndoo ya maji, kuna kuni, na pengine kuna mtoto mgongoni.

Mama yetu alianza kushika kiuno katika msimu wa mwaka 2016. Tulidhani ni uchovu wa kazi, utaondoka pamba ikiisha. Pamba iliisha, uchovu ukabaki. Wataalamu husema maumivu yakizidi miezi mitatu huhesabiwa kuwa ni sugu, na ya mama yalizidi miaka miwili. Asubuhi alikuwa akitoka kitandani kwa kujiviringisha ubavu kama mtoto mchanga. Kutawadha kulimtesa kwa sababu ya kuinamia miguu, hata tukawa tunammiminia maji sisi.

Lililomuumiza zaidi halikuwa hilo. Siku moja baada ya Alasiri tulimkuta ameketi juu ya mkeka analia, tukadhani mgongo umemzidi. Akasema, "Leo nimesujudu, sikuweza kuinuka. Nimekata swala." Tangu siku ile akawa anaswali juu ya kiti, akawa haji tena msikitini, maana aliona haya kukaa kitini mbele ya wanawake wenzake walio wakubwa kuliko yeye. Ustadhi wetu alipopata habari alikuja nyumbani, akamketisha baba na sisi sote, akamweleza mama habari ya Imran bin Huswayn (R.A.), swahaba aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomruhusu aswali kwa kukaa ikiwa hawezi kusimama, na kwa ubavu ikiwa hawezi kukaa. Mama aliitikia kwa adabu. Alipoondoka Ustadhi akatuambia, "Ruhusa nimeisikia, lakini mimi naitaka sijida yangu."

Kwa neno lile tukaanza kuhangaika, na mwenye kuhangaika hupotea njia kwa urahisi.

Kwanza tulipotelea dukani. Tulikuwa tukimnunulia vidonge vya diklofenaki katika duka la dawa bila cheti cha daktari, viwili kwa siku, wiki baada ya wiki. Maumivu yalikuwa yakishuka kisha yanarudi, na tumbo likaanza kumwaka moto. Baadaye tuliambiwa hospitalini kwamba dawa za aina hiyo zikimezwa muda mrefu bila kusimamiwa huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Tunalitaja hili kwa sababu tunajua nyumba nyingi hapa mjini zina pakiti hiyo juu ya kabati.

Kisha mwaka 2018 tukampeleka kwa bibi mmoja wa kijijini anayesifika kwa kuchua watu. Hatumtaji, na hatusemi kwamba wachuaji wote wako hivyo. Alimlaza mama kifudifudi juu ya ngozi ya ng'ombe, akampaka mafuta, akaanza kumkandamiza kwa goti juu ya uti wa mgongo. Mama alipopiga kelele bibi akasema, "Maumivu hutolewa kwa maumivu. Mshikeni mikono, wajukuu zangu."

Ndugu wasomaji, tukamshika. Mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Tulikuwa tunamwambia, "Vumilia Mama, ni dawa," naye anatutazama. Siku tisa baada ya hapo hakuweza kukaa, wala kitini. Swala zake siku hizo aliziswali kwa ubavu. Hatukusemeshana habari ile, sisi wawili, kwa muda mrefu. Hata leo tunaiandika kwa taabu.

Mwaka uliofuata mjomba alisema apelekwe hospitali kubwa ya Mwanza. Tulipita Lamadi na Magu, mama amekaa ubavu kwenye basi na mto wa kulalia umewekwa kiunoni. Daktari alimpima, kisha akatuelekeza kwenye chumba cha fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo kwa mikono na mazoezi. Aliyetupokea alikuwa dada wa makamo. Tulitazamia amlaze amkande. Hakumgusa kwa muda mrefu. Aliuliza maswali: je, anapata homa za usiku? Amekonda bila sababu? Mkojo na choo anavizuia? Sehemu za siri zimekufa ganzi? Mguu unalegea? Kisha akamgonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, akamtembeza kwa vidole na kwa visigino. Alipoona hakuna dalili ya hatari, ndipo akatugeukia sisi. "Nani anamchua nyumbani?" Tukatazamana. Akasema, "Haya, nionyesheni mnavyofanya."

Tukaweka mikono, tukaanza kusugua kiuno kwa nguvu kama mtu anayefua shuka. Akatuacha kidogo, kisha akatusimamisha. "Mmetazama vidole vya miguu ya mama yenu?" Tulipotazama tuliona vimejikunja, na mama alikuwa amebana pumzi. Akatuambia kwamba mgonjwa akikunja vidole au akizuia pumzi, mwili wake unajilinda, na misuli inayojilinda hailegei hata ikipondwa kwa mchi. Kisha akamwambia mama, "Mama yangu, kuanzia leo wewe ndiye mwenye amri. Ukisema basi, wanaacha." Mama akacheka kidogo. Hatukuwa tumesikia kicheko chake mezani pa daktari yeyote.

Dada yule alitueleza pia jambo ambalo hatukulijua, kuwa maumivu ya siku nyingi si lazima yawe na maana kwamba kuna kitu kimevunjika ndani. Tutalieleza kwa mfano wetu. Mlinzi wa ghala akivamiwa na wezi usiku mmoja, baadaye hupiga filimbi hata paka akipita. Wezi hawapo tena, lakini filimbi inalia kweli na watu wanaamka kweli. Mishipa ya fahamu ya mtu aliyeumia muda mrefu huwa kama mlinzi huyo. Kumkandamiza kwa goti ni kumletea mlinzi wezi wengine. Mkono wa taratibu, unaobonyeza kiasi na kungoja, humjulisha kwamba aliyepita ni paka. Nafuu yake haidumu muda mrefu, pengine saa chache, pengine siku mbili. Ndani ya nafuu hiyo mgonjwa anatakiwa anyanyuke atembee na kufanya mazoezi, ili mwili ujifunze upya. "Mkimchua halafu akalala," alisema, "mmefanya kazi bure."

Tulirudi Bariadi na kazi ya kufanya. Tutaieleza kwa urefu kwa sababu akina mama wengi wametuuliza.

Tunakata kucha na kuvua pete. Tunachovya taulo katika maji ya moto, tunalikamua, tunalijaribu kwanza juu ya mkono wetu wenyewe, kisha tunaliweka kiunoni kwa muda wa robo saa, tukilibadilisha likipoa. Mwenye kisukari awe na tahadhari hapa, maana wengine ngozi yao haisikii moto, wataungua bila kujua. Mafuta si lazima yawe ya gharama. Wapo wanaopenda habasoda, na sisi mafuta ya nazi hapa kwetu huja kutoka mbali; tunatumia ya alizeti, na wakati mwingine ya pamba. Mama hufurahi yakiwa ya pamba. Anasema pamba inalipa deni lake.

Tunaanza kwa viganja vyote, polepole, kutoka kiunoni kwenda mabegani, kandokando ya uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa. Uzito unatoka katika mwili wa mchuaji kwa kuegemea, si katika vidole, la sivyo vidole vyako ndivyo vitakavyougua. Baada ya dakika kumi hivi ndipo tunatafuta penye ugumu. Na hapa tulijifunza jambo la ajabu. Miaka yote mama alikuwa akilalamikia kiuno na paja, nasi tulikuwa tukisugua kiuno na paja. Siku moja, dole gumba lilipofika pembeni ya kalio la kulia, kwenye sehemu ngumu kama punje ya hindi chini ya ngozi, mama alishtuka akasema, "Hapo hapo! Yameshuka mpaka gotini!" Kumbe mlango ulikuwa kwingine. Tukatulia pale kwa dole gumba bila kusugua, tukihesabu pumzi zake, mpaka ukali ukapungua, kama dakika moja hivi.

Baadaye tulisoma kwamba jambo hili lina historia. Dkt. Janet Travell wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuwa daktari wa Rais katika Ikulu ya nchi ile, aliyemtibu Rais John F. Kennedy maumivu ya mgongo, alitumia maisha yake kuchora ramani ya sehemu hizo na mahali maumivu yake yanapokimbilia: fundo la bega hupeleka maumivu kichwani, na la kalio huyashusha mguuni. Mwaka 1983 yeye na mwenzake David Simons walitoa kitabu kikubwa juu yake. Wataalamu hawajakubaliana mpaka leo fundo lile ni kitu gani hasa. Mama yetu hana shaka nalo.

Wala tusidhani elimu hii ni ya Wazungu peke yao. Ibn Sina, tabibu wetu mashuhuri aliyefariki Hamadan mwaka 1037, ameeleza habari ya kuchua mwili katika kitabu chake Al-Qanun, katika sehemu ya kulinda afya, pamoja na mazoezi. Alitofautisha kuchua kugumu, kunakoukaza mwili, na kuchua laini, kunakoulegeza, na akaeleza kuchua kunakofanywa kabla ya mazoezi na kunakofanywa baada yake. Tulipoyasoma hayo tulikumbuka lile goti, tukanyamaza. Karibu miaka 1,000 mtu ameshaandika, na sisi tunamshika mama mikono.

Tukumbuke vilevile habari ya Uthman bin Abil-As (R.A.), iliyomo katika Sahihi Muslim. Alimshitakia Mtume (S.A.W.) maumivu ya mwili wake, akaelekezwa aweke mkono wake mahali panapouma, ataje jina la Allah mara tatu, kisha amuombe kinga mara saba. Mama hufanya hivyo yeye mwenyewe kabla hatujaanza. Sisi tunangoja amalize.

Kuhusu sitara, wapo waliotuuliza kama inafaa mtu achuliwe na yeyote. Kwa mama jibu lilikuwa jepesi, sisi ni mabinti zake, na tunafunua sehemu tunayoishughulikia tu, nyingine imefunikwa kanga. Pasipo ndugu, mwanamke achuliwe na mwanamke na mwanamume na mwanamume. Likiwa ni jambo la hospitali na mtaalamu ni mmoja tu, waulizeni walimu juu ya hukumu ya dharura kabla ya kuacha matibabu. Tunajua mzee mmoja aliyeacha kwa haya, akabaki na ulemavu ambao ungeepukwa.

Mazoezi ya mama ni machache. Hulala chali magoti yamekunjwa, akanyanyua kiuno na kukishusha. Huvuta goti moja kifuani, kisha jingine. Na lile alilolipenda kuliko yote, hukaa kwa mikono na magoti, kisha anarudisha makalio polepole kuelekea visigino huku mikono imebaki mbele. Alipoonyeshwa mara ya kwanza alisema, "Hii si njia ya kwendea sijida?" Wiki za mwanzo alifika nusu. Kutembea kulianza kwa kwenda hadi nyumba ya jirani na kurudi, baadaye hadi msikitini.

Desemba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu sugu ya kiuno, likisema watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Katika yaliyopendekezwa kuna mazoezi, kumwelimisha mgonjwa, na tiba za mikono kama kuchuliwa. Mikanda ya kufunga kiunoni na kuvutwa mgongo kwa mashine havikupendekezwa kutumiwa kama desturi. Tuliposomea hayo nyumbani mama aliutazama mkanda wake wa shilingi elfu thelathini uliotundikwa ukutani, akasema utafaa kufungia kuni.

Lakini mikono ina mipaka, na hapa tunawaomba wazazi msome taratibu. Maumivu ya mgongo yenye homa, kukonda au jasho la usiku yanaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Hayo si ya kuchuliwa. Mguu kulegea, ganzi ya mapajani kwa ndani, au kushindwa kuzuia mkojo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Aliyeanguka mtini au kwenye pikipiki asikandwe. Mguu mmoja ukivimba na kupata moto bila sababu msiuchue, huenda damu imeganda ndani. Na wadogo zetu wa madrasa: Kanda yetu ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zenye wagonjwa wengi wa selimundu. Mtoto anayelia mara kwa mara kwa maumivu ya mikono, miguu au mgongo, hasa akipatwa na baridi au akikosa maji ya kunywa, asiambiwe anakwepa darasa, wala asipelekwe kwa mchuaji. Apimwe damu. Tulisoma na mwenzetu wa namna hiyo, na tulikuwa tukimcheka.

Sasa mama yukoje? Hajapona kwa maana ya kwamba haumwi. Msimu wa pamba ukifika huumwa, ingawa sasa hachumi nusu siku mfululizo; hupumzika kila baada ya matuta machache na kujinyoosha, na majirani wamezoea. Tunamchua mara mbili kwa wiki, dakika ishirini, kwa zamu. Vidonge vya kila siku aliviacha. Sijida yake ya kwanza baada ya kiti ilikuwa katika Alfajiri, hakutuambia. Tuliiona alama ya mkeka kwenye paji la uso wake alipokuja kuwasha moto.

Ramadhani iliyopita tulibishana naye. Alitaka kuswali tarawehe zote kwa kusimama, sisi tukamsihi achukue kiti. Akasema sisi tumemfundisha kwamba yeye ndiye mwenye amri. Mwisho tulikubaliana: kiti kiende msikitini, kikae ukutani, aamue mwenyewe. Rakaa nane alikuwa akisimama nazo katika safu pamoja na wenzake. Baada ya hapo alikuwa akinyanyuka taratibu, anakivuta kiti chake mwenyewe, na bibi mmoja wa upande wa pili naye akaanza kuja na chake.